Barua kwa mwanangu: njaa isikukute hujaamua

Muheza, 12 Julai

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Sisi huku hatujambo, na baba yako anaendelea vizuri na dawa zake za presha. Uliponipigia simu Jumapili uliniuliza swali ambalo sikupenda kulijibu kwa haraka: utawezaje kula vizuri wakati unatoka saa kumi na moja alfajiri, unarudi saa mbili usiku, na njiani hakuna kilicho tayari isipokuwa chipsi mayai na soda? Uliniambia pia kwamba umeanza kusinzia kazini na kwamba suruali za mwaka jana zinakubana. Nimelifikiria jambo hili kwa siku tatu, na jibu langu ni hili.

Wazee walisema mwenye njaa hana miiko, nami naamini shida yako imo ndani ya maneno hayo. Kwamba mchicha unaufaa mwili kuliko chipsi unajua tangu ukiwa darasa la tatu. Lakini kila siku unaamua utakula nini ukiwa umesimama mbele ya kabati la vioo la muuza chipsi, hujatia kitu tumboni tangu saa saba mchana, na mtu aliye katika hali hiyo hachagui, bali huchukua kilicho karibu. Kwa hiyo sitakuambia ujikaze usiku. Nakuomba uamuzi wa chakula uufanye mapema, ukiwa umeshiba.

Anza na maharage, kwa kuwa ulisema mwenye nyumba amekuruhusu kutumia friji yake. Jumamosi usiku loweka nusu kilo. Asubuhi mwaga maji yale, uyachemshe maharage kwa maji mapya mpaka yaive kabisa, nayo yatawahi kuiva na gesi yako itadumu. Yakipoa, yagawe katika vyombo vinne: viwili vya kula siku mbili za mwanzo, na viwili vya kugandisha. Ukirudi usiku, kazi itakayobaki ni kukata kitunguu na nyanya, kuyaunga kwa mafuta kidogo na kusonga ugali, na hayo yote hayazidi nusu saa. Siku utakayoyachoka, uwe na dagaa wakavu ndani; hawahitaji friji, na kwa kuwa huliwa pamoja na mifupa yao, hukupa kalsiamu. Unga nunua wa dona, ambao haukuondolewa kiini wala ganda la punje, kwa sababu shibe yake hudumu; ila nunua kidogo kidogo, maana huharibika upesi kuliko sembe.

Asubuhi usitoke na tumbo tupu. Viazi vitamu vilivyochemshwa jana yake, au yai la kuchemsha na ndizi mbivu, vinaliwa hata kituoni ukisubiri daladala. Hapa nikueleze jambo lililonipata mimi mwenyewe. Nilipoajiriwa, nikiwa na umri kama wako, nilipangiwa shule ya kijijini, nikaishi miaka miwili kwa chai ya rangi na maandazi asubuhi, na chai ya rangi tena pamoja na wali na maharage jioni. Ikafika mahali nikawa nahema nikipanda kilima cha kwenda shuleni, na nilipopimwa zahanati nikaambiwa damu imepungua. Muuguzi mmoja alinieleza kile ambacho chuoni sikukisikia: chai inayonywewa pamoja na chakula huuzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga za majani, ilhali tunda lenye vitamini C, kama chungwa, huusaidia. Tangu siku hiyo chai nainywa saa nzima mbali na mlo, na machungwa, ambayo hapa kwetu tuliyaacha yakaoza chini ya miti, nikayafanya kuwa sehemu ya chakula.

Kuhusu sukari, nataka uifanye hesabu mwenyewe. Chupa ya soda ya mililita 350 ina takriban gramu 35 za sukari, na kikombe cha chai chenye vijiko vitatu kina kama gramu 12. Soda moja na vikombe viwili vya chai vinakufikisha karibu gramu 59, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifike gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana abaki chini ya 25. Usiikatishe yote kwa mara moja. Punguza kijiko kimoja cha chai, ukae wiki mbili mpaka ulimi uzoee, kisha upunguze kingine. Soda nayo nafasi yake ichukuliwe na maji. Chumvi ya kuongeza mezani uiache kabisa, nami nakuomba hili nikiwa namwangalia baba yako akihesabu vidonge vyake.

Mchana huwezi kujipikia, na si lazima. Chagua mama lishe mmoja, uwe mteja wake wa kila siku, umwombe kwa adabu akupunguzie wali akuongezee mchicha au matembele. Akishakuzoea atakupakulia bila kuulizwa. Mboga na matunda ya siku nzima yafike gramu 400, na mafungu mawili ya mboga na machungwa mawili yanaweza kukufikisha hapo bila kupima kwenye mizani.

Chipsi sikukatazi. Kula Ijumaa pamoja na wenzako, na kachumbari ya kutosha, kwa sababu nimeona watu wengi waliojikataza kila kitu mwezi mmoja, mwezi uliofuata wakarudi pale pale.

Kesho asubuhi nitampa kondakta wa basi mzigo wako. Uupokee stendi ya Mbezi jioni ukitoka kazini. Kuna maharage kilo tatu, dagaa waliokwisha kuchambuliwa, na kiroba cha machungwa. Yale ya juu ndiyo yaliyoiva zaidi, anza na hayo.

Mama yako