Genesis ya nani? Maswali yenu kuhusu zama za bendi moja

Barua kuhusu Genesis zimekuwa nyingi, na karibu zote zinazunguka jambo moja: bendi hii ya Uingereza ilikuwa bora lini? Wapo wanaoapa kwamba Genesis halisi ilikufa Peter Gabriel alipoondoka mwaka 1975. Wapo waliokua wakiisikia sauti ya Phil Collins redioni miaka ya 1980, na hao hawataki kusikia habari za Gabriel, mwimbaji aliyepanda jukwaani na barakoa ya kichwa cha mbweha. Nimechagua barua chache na kuzifupisha. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: ubishi huu umewatanguliza mno waimbaji, huku wale waliokuwa wakitunga sehemu kubwa ya muziki wenyewe wakisahaulika.

Mimi ni mgeni wa muziki huu. Hizo zama ni ngapi, na nani alikuwa nani? (Msomaji, Morogoro)

Karibu sana. Genesis ilizaliwa mwaka 1967 katika shule ya bweni ya Charterhouse, kusini mwa Uingereza. Vijana wa kukumbuka ni Peter Gabriel, mwimbaji. Tony Banks wa kinanda. Mike Rutherford wa gitaa la besi. Na Anthony Phillips wa gitaa, aliyeondoka mwaka 1970 baada ya kuelemewa na hofu ya jukwaa. Mwaka huohuo akaja Phil Collins kupiga dramu, na baada yake Steve Hackett akashika gitaa. Watano hao, Gabriel, Banks, Rutherford, Collins na Hackett, ndio waliorekodi Nursery Cryme (1971), Foxtrot (1972), Selling England by the Pound (1973) na albamu ya santuri mbili, The Lamb Lies Down on Broadway (1974).

Gabriel aliondoka 1975, wakabaki wanne, Collins akaimba. Hackett akaondoka 1977, wakabaki watatu, na hao watatu ndio waliojaza viwanja vya mpira. Collins aliaga 1996, akaja Ray Wilson kwa albamu moja. Sasa hesabu waliokuwapo tangu mwanzo hadi mwisho: Banks na Rutherford peke yao. Ushike mkononi ukweli huo unaposoma majibu yanayofuata.

Ndugu mwandishi, sema bila kumwogopa mtu. Si Collins ndiye aliyeigeuza bendi ya wasanii kuwa bendi ya vibao vya redio? (Msomaji, Mombasa)

Siye, ndugu yangu.

Kwanza, Collins hakuja kumpindua Gabriel. Alikuwa nyuma ya dramu kwenye karibu kila wimbo ambao watetezi wa zama za kwanza wanaupenda. Hata uimbaji hakuuanza 1975: sauti unayoisikia kwenye For Absent Friends ya 1971 na More Fool Me ya 1973 ni yake. Gabriel alipoondoka, walisaka mwimbaji kwa muda mrefu, wakasikiliza watu wengi, wasiridhike. Mwishowe wakamjaribu mtu waliyekuwa naye chumba kimoja siku zote. Albamu iliyotoka, A Trick of the Tail ya 1976, ina nyimbo ndefu, hadithi za viumbe wa ajabu na magitaa ya nyuzi 12 kama zamani. Mtu asiyejua habari za bendi hii akipigiwa albamu hiyo baada ya Selling England by the Pound, hatahisi kwamba kuna ukuta umejengwa katikati.

Pili, tazama nani aliandika nini. Kibao chao kikubwa cha kwanza, Follow You Follow Me cha 1978, kilitungwa na wote watatu na maneno yake ni ya Rutherford. Maneno ya Land of Confusion (1986) pia ni ya Rutherford. Walioamua kufupisha nyimbo walikuwa watatu, na wawili kati yao ndio walewale vijana wa Charterhouse. Na urefu haukutoweka: Home by the Sea ya 1983, ikiunganishwa na sehemu yake ya pili, inapita dakika 10, na Domino ya 1986 inapita dakika 10 vilevile. Maneno ya zote mbili aliyaandika Banks.

Basi lawama ilimwangukiaje Collins? Nadhani ni kwa sababu mwaka 1981 alitoa albamu yake binafsi, Face Value, yenye In the Air Tonight, na tangu hapo sauti moja ilikuwa ikitoka redioni kwa majina mawili. Hugh Padgham alikuwa fundi wa sauti kwake na kwa Genesis pia. Msikilizaji wa kawaida angetofautishaje? Lakini ule mshindo mzito wa dramu unaokatika ghafla, ambao watu huutaja kama ushahidi dhidi ya Collins, ulisikika kwanza mwaka 1980 kwenye Intruder, wimbo unaofungua albamu ya tatu ya Peter Gabriel mwenyewe. Gabriel alikataza matoazi kwenye albamu nzima. Mpiga dramu wa wimbo huo ni Phil Collins, na fundi ni Padgham. Mashabiki wa kambi mbili wanagombana kwa kutumia mlio ambao mabwana hawa waliutengeneza pamoja, miaka mitano baada ya kuachana.

Nikubaliane nawe kwenye jambo moja: Invisible Touch ya 1986 siipendi kwa jumla yake. Mashine za dramu zimeshika nafasi kubwa mno kwenye albamu ya bendi yenye mpiga dramu wa kiwango kile. Hata hivyo nyimbo zake tano ziliingia katika tano bora za Marekani, na Julai 1987 waliujaza uwanja wa Wembley usiku nne. Na Julai 1986, wimbo wa Invisible Touch uliposhuka kutoka namba moja Marekani, uliochukua nafasi hiyo ulikuwa Sledgehammer wa Gabriel. Wanaosema mmoja alikwenda sokoni na mwenzake akabaki kwenye sanaa wapime upya.

Baba yangu anasema bendi ilikufa 1977 alipoondoka Steve Hackett, si 1975. Anazidisha? (Msomaji, Arusha)

Mfikishie baba shikamoo yangu. Yeye yuko karibu na ukweli kuliko wengi walioniandikia.

Hackett hakuwa mtu wa mbwembwe. Alikuwa akipiga ameketi. Lakini sikiliza gitaa lake kwenye wimbo wa Firth of Fifth: wazo lenyewe limetoka kwenye kinanda cha Banks, naye Hackett analichukua, analinyoosha, anaacha noti moja ining'inie mpaka unasahau kupumua. Mwaka 1971 tayari alikuwa akigonga nyuzi kwa vidole vya mikono yote miwili kwenye shingo ya gitaa, mbinu ambayo wapigaji wa roki ngumu waliipatia umaarufu miaka ya mwisho ya 1970. Aliondoka kwa sababu alikuwa na tungo nyingi kuliko nafasi aliyopewa. Albamu iliyofuata wakaiita ...And Then There Were Three..., yaani wamebaki watatu, na Rutherford akalazimika kupiga besi na gitaa la mbele pia.

Kwangu mimi hapo ndipo mlango ulipogeuka, mwaka 1978. Kuondoka kwa Gabriel kulibadilisha sura iliyo mbele ya jukwaa. Kuondoka kwa Hackett kulibadilisha mlio. Ila neno “ilikufa” silikubali, maana miaka miwili baadaye ikaja albamu ya Duke.

Ni kweli Gabriel alifukuzwa kwa sababu ya mavazi? (Msomaji, Kisumu)

Hakufukuzwa. Septemba 1972 huko Dublin alipanda jukwaani na gauni jekundu la mkewe na kichwa cha mbweha, bila kuwaambia wenzake. Magazeti yakapenda picha, waandishi wakaanza kuamini kwamba kila kitu ni chake. Hilo liliwauma wenzake, na walikuwa na haki: maneno ya Watcher of the Skies, wimbo unaofungua Foxtrot, yaliandikwa na Banks na Rutherford. Kwenye The Lamb, Gabriel alitaka hadithi na karibu maneno yote yawe yake. Wakati huohuo bintiye wa kwanza alizaliwa katika hali ya hatari, na yeye akaona familia inamhitaji kuliko ratiba ya bendi. Alimaliza ziara yote ya 1974 na 1975, kisha akaondoka.

Ray Wilson mbona hatajwi? (Msomaji, Kampala)

Kwa sababu alipewa albamu moja tu, Calling All Stations ya 1997. Aliimba vizuri, na anastahili heshima kuliko anayopewa. Tatizo lilikuwa dramu. Collins alipoondoka, watu walidhani kinachohitajika ni mwimbaji, kumbe mapigo ndiyo yaliyopwaya.

Mwandishi, sisi wazee wa dansi tunajua mwimbaji akihama, bendi hugawanyika na mashabiki nao. Nasikia huyu Gabriel ana uhusiano na marehemu Dk. Remmy. Tueleze. (Msomaji, Dar es Salaam)

Shikamoo mzee. Umeuliza swali ambalo nilikuwa nalingojea.

Gabriel alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa tamasha la WOMAD, lililofanyika kwa mara ya kwanza Julai 1982 huko Shepton Mallet, Uingereza, likiwakutanisha wanamuziki wa roki na wa mataifa mbalimbali. Wapiga ngoma wa Burundi walikuwepo. Kisanii lilifana, lakini lilimwachia Gabriel madeni makubwa. Waliokuja kumwokoa ni Genesis. Tarehe 2 Oktoba 1982 walipanda naye jukwaa moja huko Milton Keynes, mvua ikinyesha, akaletwa jukwaani ndani ya jeneza, wakapiga nyimbo za zamani ili madeni yalipwe. Mwishoni Hackett naye akaungana nao. Mashabiki waliokuwa wakigombana kwa miaka saba waliwaona wote watano wamesimama pamoja.

WOMAD ikaendelea. Mwaka 1989 Gabriel na wenzake wakaanzisha lebo ya kutoa muziki, Real World, na mwaka huohuo Remmy Ongala na Orchestre Super Matimila wakatoa humo Songs for the Poor Man, kisha Mambo mwaka 1992. Remmy, mzaliwa wa Kindu, Kongo, aliyekuja Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy, akasikika Ulaya akiimba Kiswahili kilekile alichokuwa akiimbia watu wa Sinza. Mwaka 1993 ikaja zamu ya Mkenya Ayub Ogada na nyatiti yake, ala ya nyuzi ya Waluo, kwa albamu ya En Mana Kuoyo. Mimi sidai kwamba bila Genesis tusingekuwa na Remmy. Remmy alikuwa Remmy kabla hajaiona Uingereza. Ninachodai ni kwamba usiku ule wa Milton Keynes ulilipa deni la WOMAD, na ni jukwaa hilohilo la WOMAD ambalo Super Matimila walikuja kulipanda baadaye. Kwa hiyo anayeniambia Genesis ya watatu haikuwa na faida yoyote, mimi namtajia tarehe hiyo.

Dada mwandishi, najua nyimbo za Collins za redioni tu. Nianzie wapi? (Msomaji, Muscat)

Usianze na Supper's Ready. Kila shabiki mkongwe atakusukumia wimbo huo wa dakika 23, na ni mzuri mno, lakini ukiingia nao bila maandalizi utachoka njiani. Anza na Duke ya 1980. Ndani yake kuna Misunderstanding, wimbo wa Collins mwenye huzuni ya ndoa kuvunjika, utakaoufahamu mara moja. Na kuna Turn It On Again, unaosikika kama kibao cha kawaida mpaka ujaribu kuupigia makofi, kwa sababu unakwenda kwa mizunguko ya mapigo 13, si manne ya kawaida. Zama zote mbili zimo.

Kutoka hapo rudi nyuma hadi A Trick of the Tail, kisha Selling England by the Pound. Ukishazoea The Cinema Show, wimbo mrefu uliomo humo, Supper's Ready itakupokea yenyewe. The Lamb iache mwisho, na uisikilize yote kwa mpigo mmoja siku usiyo na shughuli. Halafu, ukitaka kujua walivyozeeka, tafuta picha za ziara yao ya mwisho iliyofungwa London tarehe 26 Machi 2022: Collins anaimba ameketi kwa sababu ya afya, dramu zinapigwa na mwanawe Nic, na Banks na Rutherford wako palepale walipokuwa tangu 1967.