Kosa Kwenye Fomu ya Fidia Halifuti Haki Yako

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa kijana mmoja wa Kongwa ambaye aliumia bega akiwa kazini, na ambaye tangu wakati huo fomu yake ya madai ya fidia imelala ndani ya begi bila kuwasilishwa. Aliniandikia hivi: "Shikamoo dada. Kwenye fomu nimeandika bega la kushoto, lakini lililoumia ni la kulia na daktari ameandika la kulia. Nikipeleka hivi si nitaonekana tapeli?" Ujumbe huo ulinikuta nikiwa nimetoka kupokea barua ya uamuzi wa dai langu mwenyewe, uamuzi ulionipa haki yangu ingawa karatasi zangu zilikuwa zikipingana tangu ukurasa wa kwanza. Ndiyo maana nimeona nimjibu hapa, ili wenzake walio wengi nao wasome.

Kwanza tukumbushane tunachokiomba ni nini. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2008 na ukaanza kazi mwaka 2015. Mchango wake hutolewa na mwajiri peke yake, kwa hiyo hakuna shilingi inayokatwa kwenye mshahara wa mfanyakazi. Anayeumia kazini hugharimiwa matibabu, na akiwa hawezi kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya mshahara wake kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Ulemavu ukiwa wa kudumu, kiwango chake hupimwa: usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, na unaozidi hapo hulipwa pensheni ya kila mwezi. Nayataja haya mapema kwa sababu mtu anayedhani kwamba anaomba msaada huogopa kila neno analoliandika, ilhali anayejua kwamba anadai stahili yake huandika ametulia.

Mimi nilikuwa nikifanya kazi ya zamu ya usiku katika kiwanda cha kukamua alizeti pembezoni mwa jiji la Dodoma. Mkanda wa mashine uliuvuta mkono wangu wa kulia, nikapoteza vidole viwili, na cha tatu hakikunji tena. Habari za wodini naziacha, maana aliyepitia anazijua na asiyepitia hazitamsaidia. Jambo lililoninyima usingizi baada ya kidonda kupona lilikuwa karatasi.

Zamu yetu ilianza saa tatu usiku wa Jumanne, nami niliumia saa nane usiku, yaani Jumatano ikiwa imekwisha kuingia kwa hesabu ya kalenda. Karani wa kiwanda aliandika kwamba ajali ilitokea Jumanne, na mahali pa saa akaandika "8:00 usiku". Daktari aliandika Jumatano, na saa ya kupokelewa kwangu akaiandika kwa mtindo wa hospitali, 02:40. Sisi tuliokuwa kazini usiku ule tunaelewa kwamba wote wawili walizungumzia tukio lilelile. Lakini afisa ambaye hakuwepo, na ambaye anaisoma 8:00 usiku kama kompyuta inavyoisoma, ataona kwamba niliumia saa mbili usiku, kabla zamu haijaanza, nikiwa pengine jikoni kwangu Nkuhungu. Na fidia hii hulipwa kwa ajali iliyotokana na kazi na kutokea wakati wa kazi. Kwa hiyo tofauti ya tarakimu chache ilitosha kuniondoa kazini na kunirudisha nyumbani.

Halafu lilikuwapo suala la jina. Kitambulisho changu cha NIDA kina jina la baba katikati, ilhali mkataba wa kazi una jina la babu, la Kigogo, nalo limeandikwa kwa R mahali pa L. Wenzangu wa mikoa hii ya kati mnajua ni jambo la kawaida kiasi gani: jina la ubatizo shuleni, jina la nyumbani kwenye daftari la kijiji, na jina la tatu alilolisikia karani siku unaajiriwa.

Washauri hawakukosekana. Mmoja aliniambia niache, kwa sababu ukikosea tu unafungwa. Mwingine, kijana wa steshenari, alijitolea kuifuta tarehe ya daktari kwa rangi nyeupe na kuandika nyingine juu yake, tena kwa bei ya soda. Nilimkatalia, na kukataa huko najivunia hadi leo, kwa sababu tarehe ya daktari ndiyo iliyokuwa sahihi, na laiti ingefutwa ningeugeuza ukweli wangu kuwa uongo kwa mkono wangu mwenyewe.

Aliyeniokoa ni mjomba wangu wa Mpwapwa, ambaye alistaafu akiwa karani wa mahakama. Yeye alinifundisha kwamba karatasi ya serikali haifutwi. Neno lililokosewa katika sehemu uliyoijaza mwenyewe hukatwa kwa mstari mmoja ili lisomeke bado, lililo sahihi huandikwa pembeni, kisha unatia saini na tarehe. Neno lililoandikwa na mwingine huligusi kabisa. Unamrudia aliyeliandika alisahihishe, na asipotaka, unaandika barua yako ya maelezo na kuiambatanisha. Karani wa kiwanda hakutaka. Niliandika barua ya ukurasa mmoja nikieleza zamu ilianza saa ngapi, niliumia saa ngapi kwa saa zetu na ni saa ngapi kwa saa za hospitali, na kwa nini tarehe zimekuwa mbili. Nikaambatanisha nakala ya daftari la mahudhurio ya zamu na maelezo yaliyotiwa saini na wenzangu wawili niliokuwa nao. Kuhusu jina nilikwenda kwa wakili, nikala kiapo kwa hati kwamba majina yote yale ni ya mtu mmoja. Kila nilichokiwasilisha nilibaki na nakala yake yenye mhuri wa kupokelewa. Narudia, kwa sababu wengi hulipuuza: bakini na nakala yenye mhuri.

Kuna jambo ambalo bado linaniuma. Katika maelezo ya ajali, msimamizi wangu aliandika kwamba nilipata "jeraha dogo la kidole kutokana na uzembe". Aliyaandika hayo mtu aliyenifunga mkono kwa shuka lake mwenyewe usiku ule na kuiona damu. Miezi mingi niliamini kwamba neno hilo, uzembe, limenimaliza. Sivyo. Mfumo huu wa fidia haukutaki uthibitishe kwamba mwajiri ndiye aliyekosea, na kosa la kawaida la mfanyakazi aliyechoka usiku halimwondolei stahili yake. Sikumtukana msimamizi katika barua yangu. Niliandika nilichokuwa nikikifanya, nani alinielekeza, na kwamba mkanda haukuwa na kizuizi.

Ndugu zangu, tusichanganye kosa na uongo. Sheria humwadhibu anayetoa taarifa za uongo huku akijua, nayo iko sahihi kufanya hivyo, kwa sababu fedha anayoiba mwongo ni ya mjane wa mwenzetu. Lakini aliyekosea akasahihisha kwa maandishi kabla hajaulizwa amejionyesha kuwa mkweli. Na uongo una pande mbili. Wapo wanaokuza, na wapo wanaopunguza, na sisi tuliolelewa kwamba kulalamika ni aibu tumejaa kwenye kundi la pili. Daktari anakuuliza unaendeleaje, unamjibu "namshukuru Mungu, naendelea vizuri", naye anaandika hivyohivyo, wakati huwezi kusonga ugali wala kufunga kanga bila kusaidiwa. Mshukuruni Mungu kanisani na msikitini. Mbele ya daktari anayepima kiwango cha ulemavu semeni usichoweza, unachoweza kwa shida, na unachoweza bila shida, kila kimoja kwa jina lake. Mimi nilimweleza kwamba siwezi kulifunga gunia la mashudu wala kushika kalamu kwa muda mrefu, na nikamweleza pia kwamba ndoo ya maji bado naibeba kwa mkono wa kushoto. Hilo la ndoo wengine waliniambia nilifiche. Sikulificha, na sijutii.

Tena msikae na karatasi ndani. Ajali inatakiwa kutolewa taarifa ndani ya miezi 12, na hofu haisimamishi kalenda. Nimewaona watu wenye karatasi safi kuliko zangu waliopoteza kila kitu kwa kusubiri zikamilike.

Barua ya uamuzi ilinipa ulemavu wa chini ya asilimia 30, kwa hiyo nimelipwa kwa mkupuo, na kwa fedha hizo leo nauza mashudu na pumba kwa wafugaji wa kuku hapa Nkuhungu. Ningepewa kiwango nisichokiridhia ningepinga kwa maandishi, maana sheria inaruhusu.

Sasa wewe, mdogo wangu wa Kongwa. Daktari ameandika bega la kulia, na umeniambia lililoumia ni hilo. Fomu bado iko mikononi mwako, kwa hiyo kata neno "kushoto" kwa mstari mmoja, andika "kulia", tia saini na tarehe ya leo, na uambatanishe barua fupi ya kueleza. Piga nakala, ipeleke wiki hii, na usiondoke dirishani kabla nakala yako haijagongwa mhuri. Ukishaupata, niandikie tena tuzungumze kuhusu sehemu ya mshahara, kwa kuwa umesema posho ya usiku mwajiri alikuwa akikupa mkononi bila kuiandika, na hilo linahitaji ushahidi wa aina yake.