Umeitwa Kahawa, unataka kuhamia tao? Soma hapa kwanza

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniandikia. Ameitwa Chuo Kikuu cha Kenyatta (KU) kule Kahawa, pembezoni mwa Nairobi, na badala ya kutafuta godoro anatafuta namna ya kuomba KUCCPS, wale wanaowapangia wanafunzi vyuo, imhamishie chuo kilicho tao, yaani katikati ya jiji. Nanukuu kwa ruhusa yake: "Mwalimu, huko Kahawa ni mbali na kila kitu. Nitakuwa nimesoma Nairobi bila kuiona Nairobi. Na watu wanasema ni chuo cha walimu."

Nilicheka, halafu nikakasirika, halafu nikapika chai. Nilimjibu kwa mistari miwili, lakini najua hayuko peke yake. Kila mwaka barua zikitoka napokea ujumbe wa aina hii, kwa hiyo leo nijibu kwa marefu na mapana.

Niliingia KU mwaka 2006, nikitokea Voi na sanduku la bati. Ni mwaka huohuo Profesa Olive Mugenda alipokabidhiwa usukani, mwanamke wa kwanza nchini kuwa naibu chansela wa chuo kikuu cha umma. Sisi wasichana wa mwaka wa kwanza tulitembea vifua mbele kana kwamba tumeteuliwa pamoja naye.

Lakini nyumbani hali haikuwa hivyo. Siku jamaa walipokutana kunichangia karo na nauli, mjomba wangu alisimama kutoa mchango wake na neno lake. Mchango ulikuwa mdogo, neno likawa kubwa. Alisema alitarajia niitwe Main, kwa maana ya Chuo Kikuu cha Nairobi. "Kahawa ni ya walimu," akasema, "lakini si haba, hata mwalimu ni mtu." Watu wakacheka. Mama naye akacheka, kwa adabu tu, maana pesa zilikuwa bado hazijahesabiwa.

Hiyo "hata mwalimu ni mtu" ninayo mpaka leo. Mwaka jana mjomba alinipigia simu: kitinda mimba wake ameitwa Kahawa, je, naweza kumkaribisha kwangu Wendani, mtaa ulio ng'ambo ya chuo, mpaka apate chumba? Anakaa kwangu. Ana dirisha lake na ufunguo wake, na maziwa siku hizi nanunua pakiti mbili. Sijamkumbusha mjomba alichosema. Ila mjomba anasoma makala hizi, kwa hiyo, shikamoo mjomba.

Sasa turudi kwa hiki "chuo cha walimu". Pale palikuwa kambi ya jeshi la Waingereza, Templer Barracks, iliyopewa jina la Jenerali Gerald Templer, yule aliyepigana na wapiganaji wa msituni kule Malaya, nchi ambayo leo ni sehemu ya Malaysia. Mwaka 1965, uhuru ukiwa bado mbichi, Serikali ya Kenya ikakabidhiwa kambi ikaigeuza Chuo cha Kenyatta. Mwaka 1970 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1972 kikapokea wanafunzi wa kwanza wa shahada ya elimu. Halafu sikiliza hili vizuri, wewe unayetaka kuhamia tao: mwaka 1978 kitivo kizima cha elimu cha Chuo Kikuu cha Nairobi kilihamishwa kutoka mjini kikaletwa Kahawa. Maprofesa, vitabu, wanafunzi, wote wakapanda Thika Road. Tao ilihamia huku kabla mama yako hajakuzaa. Mwaka 1985 tukawa chuo kikuu kamili, tukiwa na zaidi ya ekari 1,000 za kutembea, jambo ambalo vyuo vya mjini vinalitamani.

Na kwa wale wanaodhani walimu ni watu wapole wa chaki: Maina wa Kinyatti alikuwa akifundisha historia hapohapo. Alizunguka akikusanya nyimbo za Mau Mau kutoka kwa wazee waliokuwa wakiziimba, na mwaka 1982 akakamatwa kwa kupatikana na maandishi yaliyoitwa ya uchochezi, akafungwa miaka sita. Mau Mau walipigana na jeshi la Waingereza, na mtu aliyehifadhi nyimbo zao alikuwa akifundisha katika iliyokuwa kambi ya jeshi hilohilo. Jaribio la mapinduzi la Agosti mwaka huo lilipofeli, Kahawa ilifungwa sawa na Main. Francis Imbuga, mwandishi wa tamthilia ambaye nusu ya Kenya ilimsoma sekondari, alifundisha Kahawa pia. Hicho ndicho chuo cha walimu. Mtu akikucheka, mwambie hivyo, au mwache acheke, mchango wake upokee.

Tuje kwenye umbali. Thika Road ya wakati wangu si hii mnayopita mkilala. Ujenzi wa hii ya sasa ulianza 2009, na Rais Kibaki akaifungua rasmi Novemba 2012, mimi nikiwa nishamaliza masomo. Sisi tulikuwa na raundabauti: Githurai, Kasarani, Muthaiga, Pangani, na kila moja ilidai kipande cha asubuhi yako. Unatoka Kahawa jua halijachomoza, unafika tao watu wanakunywa chai ya saa nne. Hata hivyo wenzangu wa chumba kule hosteli za Nyayo walikuwa hawakosi tao kila Ijumaa, hasa HELB, mkopo wa wanafunzi, ikiingia. Wanarudi Jumapili usiku hawana hata ya sukari, wanaanza kuomba unga chumba hadi chumba.

Mimi nilibaki kwa sababu sikuwa na nauli. Tuseme ukweli hapo, isije ikaonekana nilizaliwa na hekima.

Aprili ya mwaka wa pili wenzangu walienda likizo na mimi sikuweza, Voi ni mbali na basi halipandwi kwa maombi. Ndipo nikawaona walimu wa likizo. Hawa walikuwa walimu walioajiriwa, wanaofundisha shule za msingi na sekondari kote nchini, waliokuja kusomea shahada shule zikifungwa: Aprili, Agosti na Desemba. Watu wazima, wenye watoto, wenye mshahara, na wasio na muda hata kidogo. Kazi zao waliandika kwa mkono kwenye karatasi za mistari, halafu wakapanga foleni ndefu kwenye saiba, yaani maduka ya kompyuta, za KM, mtaa jirani na chuo, wakitafuta wa kuwachapia.

Kuchapa nilikuwa najua, nilijifunza Voi kwa rafiki ya mama. Lakini wachapaji walikuwa wengi. Kilichonipa riziki ni Kiswahili. Mnajua kompyuta inavyopiga mstari mwekundu chini ya kila neno la Kiswahili? Wachapaji wengine walikuwa wanaitii. Kompyuta ikisema neno si sahihi, wanabonyeza, neno linageuka Kiingereza cha ajabu katikati ya sentensi, na mwalimu wa watu anapata alama mbaya kwenye somo analolifundisha mwenyewe. Mimi niliizima ile mistari, nikasoma kila ukurasa kwa jicho, nikarekebisha na upatanisho wa ngeli bila malipo ya ziada. Mwalimu mkuu mmoja kutoka Mwingi aliona mradi wake ukirudi safi kuliko alivyouleta. Agosti alirudi na darasa zima nyuma yake.

Miaka iliyofuata naipita. Ni kurasa juu ya kurasa, macho mekundu, kati (ile mitihani midogo ya katikati ya muhula) za asubuhi ambazo nilizifanya nikiwa nimelala nusu, na TP, mazoezi ya kufundisha, iliyonichosha kuliko yote. Nilifaulu. Vizuri, nikiulizwa.

Leo nina ofisi Wendani, ghorofa ya pili, juu ya duka la dawa. Tunahariri, tunapanga kurasa, tunatafsiri. Nimeajiri wasichana wanne na mvulana mmoja, wote wametoka getini pale ng'ambo. Mwezi uliopita tulisaini kazi na mchapishaji wa vitabu vya shule, na barua yao ilianza na "Mwalimu". Nimeipigia fremu. Ndiyo, nimeipigia fremu, na nani ataniambia nini.

Sasa kijana wangu, wewe unasema Kahawa ni mbali na kila kitu. Kila kitu gani? Utaenda tao kupiga picha mbele ya KICC? Jengo lile litakungoja. Angalia Thika Road ilivyojaa vyuo vikuu: USIU na KCA kuanzia Kasarani na Ruaraka, kisha KU, kisha Zetech pale Ruiru, JKUAT kule Juja, Mount Kenya University Thika. Vijana wa nchi hii wamepangwa kando ya barabara moja, wote wanataka chakula, nywele, viatu, intaneti na mtu wa kuwasomea kazi kabla hawajaikabidhi. Hapo soko liko mlangoni. Wendani, KM, Kahawa Sukari na Githurai zinaishi kwa pumzi ya wanafunzi. Mlioishi huku Machi 2020 vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona mnakumbuka: vibanda vilibaki na masufuria baridi, na ploti ambazo zilikuwa zikigombewa zikaning'iniza vibao vya "vyumba viko". Landilodi wangu, ambaye alikuwa hasalimii mtu, alianza kutuita kwa majina.

Mtaa unaokutegemea hivyo unataka ukae ndani yake. Kaa. Kaa wikendi. Kaa hata likizo moja, kama nyumbani wanaruhusu. Mjue mama wa chapati na madondo, kwa sababu yeye anajua nani anatafuta kijana wa kazi kabla tangazo halijaandikwa. Mjue mlinzi wa maktaba. Nenda kamukunji, mkutano wa wanafunzi, angalau mara moja usikie makomredi wakiahidi mbingu. Na ukikaa, usikae kitandani na simu. Vijana wa leo mnakaa, lakini mnakaa TikTok. Mnalipa kodi ya bedsita ili muone maisha ya mtu wa Dubai. Wakati wangu tulikuwa mapairati, wawili kitanda kimoja cha hosteli, na bado tulikuwa tunamjua kila mtu wa bloku. Mungu hakukuita Kahawa ili ukae ukiitazama Kahawa dirishani. Sisemi kwa ubaya, nasema kwa sababu naajiri, na wanaokuja kuomba kazi nikiwauliza duka la karibu la kutengeneza printa liko wapi hawajui, na wameishi hapa miaka minne.

Sisemi usiende tao kabisa. Nenda ukiwa na kazi ya kufanya. Nenda Hifadhi ya Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, utazame faili za enzi hizohizo za kambi, urudi. Siku hizi hata treni ya abiria inapita Githurai na Kahawa, kwa wasiotaka kelele za matatu.

Kuhusu KUCCPS: dirisha la kuomba uhamisho hufunguliwa na kufungwa kwa tarehe wanazotangaza wao. Kama unahama kwa sababu kozi siyo yako, omba mapema na usinisikilize mimi. Kama unahama kwa sababu ya mjomba, achana nayo.

Na nyinyi mlioniuliza kuhusu godoro kwa mnaopanga nje: nunueni Githurai, mchana, siyo huko mnakotoka. Patana na makanga wa matatu bei ya nafasi ya godoro kabla hujapakia, maana akishaona umeliingiza mlangoni na jasho linakutoka, nauli inapanda. Ukifika giza limeingia, pitiliza na mizigo yako mpaka Wendani, ya Githurai utayafanya kesho.