Bega la kulia halishiki bomba

Wiki hii mmetuuliza: "Una jeraha gani la zamani ambalo halijapona kabisa, na unaishije nalo?" Mimi nina bega. La kulia.

Lilitoka mara ya kwanza nilipoanguka na bodaboda nikitokea Nkuhungu, nikajikinga kwa mkono ulionyooka. Hospitali walilirudisha, wakapiga picha, wakaning'iniza mkono kwa kitambaa shingoni wiki tatu, wakaniambia nipumzike. Nikapumzika mno. Kitambaa kilipofunguliwa niliendelea kuulea ule mkono kama mtoto mchanga, ndoo nabeba kwa kushoto, ugali nasonga kwa kushoto, mpaka misuli ikanywea.

Kuogelea nilijifunza ukubwani. Kwetu ni Hombolo, bwawa lilikuwa jirani, lakini mama alitukataza hata kuchovya mguu kwa sababu ya kichocho. Basi maji yangu ya kwanza yakawa ya hotelini hapa mjini Dodoma, nina miaka 31, mfanyakazi mwenzangu wa Pemba amekaa ukingoni anacheka mpaka machozi: "Mgogo na maji wapi na wapi, dada?" Nilimwonyesha. Miezi minne baadaye nilikuwa navuka bwawa zima bila kusimama.

Siku bega lilipoponyoka tena nilikuwa naogelea chali. Mkono ulipanda, ukapita sikio, ukazama nyuma yangu, nikahisi kitu kinateleza ndani kisha kinarudi chenyewe. Maumivu hayakuwa makubwa. Ila mkono mzima uliishiwa nguvu, nami niko upande wa kina kirefu. Ukutani nilifika kwa miguu tu.

Aliyenifumbua macho ni mtaalamu wa mazoezi tiba. Nyonga, aliniambia, imekaa kama mchi ndani ya kinu, lakini bega ni chungwa juu ya kisosi: kichwa cha mfupa ni kikubwa, tundu lake halina kina. Ndiyo maana mkono unazunguka kila upande, na ndiyo maana hakuna kiungo kikubwa kinachoteguka mara nyingi kama hicho. Kinachozuia chungwa lisidondoke ni ukingo wa gegedu, kano, na misuli minne inayolikumbatia. Ajali ya kwanza ikishachana ukingo na kulegeza kano, wewe mwenyewe huna la kuvifanya. Unachoweza kukijenga ni misuli. Na mara nyingi bega hutokea mbele, mkono ukiwa umeinuliwa na kupinduliwa nyuma. Mkao huohuo ndio wa kuogelea chali. Ndio pia wa kushika bomba la daladala dereva akifunga breki ghafla, jambo ambalo nililigundua kabla sijaelezwa, pale Majengo, mbele ya watu.

Dawa yangu ni mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Naufunga kwenye kitasa cha mlango, nabana taulo iliyokunjwa kati ya kiwiko na ubavu, navuta kwenda nje, narudisha polepole. Nageuka, navuta kwenda ndani. Kisha nasukuma ukuta. Dakika 15 kila jioni, na wiki sita za mwanzo niliona kabisa kwamba nadanganywa. Mwezi wa tatu nilikuwa naanika shuka, nikashtuka: mkono wa kulia uko juu kwenye kamba, na sikuwa nimeuomba ruhusa.

Majini, kuogelea chali nimeacha. Mtindo wa kipepeo, wa kurusha mikono yote miwili pamoja, sikuwahi kuuweza, kwa hiyo hapo sijapoteza kitu. Kwenye mtindo huru, ule wa kulala kifudifudi na kupokezana mikono, nageuza kiwiliwili chote ili mkono usilazimike kwenda nyuma peke yake, na kiganja kinaingia majini mbele ya bega, hakivuki kwenda upande wa pili wa kichwa. Nikianza kuchoka natoka, kwa sababu misuli iliyochoka ndiyo inayoachia. Natoka kwa ngazi, sijivuti ukingoni. Mwokoaji namwambia habari zangu kabla sijaingia, na siogelei peke yangu hata iweje. Bega likitoka kweli, mpango ni kulala chali, kuushika mkono kifuani kwa ule mzima na kupiga miguu hadi ukutani. Juni na Julai, upepo wa Dodoma ukivuma asubuhi, napasha mwili joto muda mrefu kando ya bwawa, watalii wananitazama wakidhani nasali.

Jirani yangu, bibi mmoja mkandaji, ananihurumia sana. "Mjukuu wangu, nikuvute mara moja tu." Namshukuru, namnywesha chai, bega simpi. Kuna mshipa wa fahamu unaopita pale pale, na anayevuta bila picha hajui kama mfupa umevunjika. Daktari naye ameshataja upasuaji wa kushona ule ukingo. Nimemwomba tungoje, likitoka tena nitakwenda.

Kwenye daladala ndiko bado nina kazi. Konda anapiga kelele, "Dada shika bomba!" Nashika kwa kushoto, mkoba umebanwa kwapa la kulia, abiria wa nyuma ananiuliza kwa nini nimejikunja hivyo.

Jumamosi iliyopita nilikuta mpira wangu umekatwa katikati. Mwanangu ametengenezea manati. Fundi baiskeli kaniuzia mwingine, na huu nauficha kabatini.