Daktari mkuu nimwite "du"?

Swali: Shikamoo mwalimu. Ni muuguzi mpya hapa Ujerumani. Wauguzi wenzangu tunaitana "du", yaani "wewe" ya kirafiki. Je, daktari mkuu naye nimwite hivyo?

Jibu: Marahaba. Hapana, mwite "Sie", yaani "wewe" ya heshima, pamoja na Frau (Bi) au Herr (Bwana) na jina la ukoo, mpaka yeye mwenyewe aseme, "Wir können uns duzen" (tunaweza kuitana "du"). Kwa kawaida ruhusa hiyo hutoka kwa mkubwa wa umri au cheo, kwa hiyo usimtangulie. Na mgonjwa mzee, hata akiwa hoi kitandani, muulize "Haben Sie Schmerzen?" (una maumivu?), kamwe si "Hast du". Kumwita "du" ni kumfanya mtoto, na huniuma sana nikisikia. Watoto wadogo wodini, waite "du" bila wasiwasi.