Ukitaka kuandika historia ya Ginebra, vikombe viweke kando kwanza

Kila mwaka wanaletwa vijana wawili watatu kujifunza uandishi wa michezo pale ninapofanyia kazi, na kila mwaka najikuta nawaambia maneno yaleyale. Safari hii nayaandika, anayekuja ayasome. Nitatumia timu moja tu, Barangay Ginebra San Miguel ya Ufilipino. Ni timu ya mpira wa kikapu, iko mbali, na ndiyo iliyonitia aibu nilipokuwa mgeni kwenye kazi hii.

Niliijua nikiwa Sharjah, Uarabuni, mtunza ghala, nikilala chumba kimoja na Wafilipino watatu. Jamaa wa kitanda cha juu alikuwa na fulana ya Ginebra aliyoifua mwenyewe kwa mkono. Mashine ya kufulia ya pamoja hakuiamini. Nilimuuliza Ginebra ni mji gani. Akacheka mpaka akakaa. Ginebra ni pombe kali, ile ambayo sisi tungeiita jini, na chupani kuna picha ya Malaika Mikaeli akimkanyaga shetani, iliyochorwa na Fernando Amorsolo, mchoraji mkubwa kabisa wa nchi ile. Kwa masikio ya Mswahili, jini lenye shetani kwenye lebo limekamilika.

Swali langu lile la mji ndilo kosa la kwanza mtakalofanya na ninyi. Tumezoea kwamba timu ina kwao. Ligi ya Ufilipino, PBA, haiko hivyo. Ilianza tarehe 9 Aprili 1975 ndani ya Araneta Coliseum, Quezon City, ikawa ligi ya kwanza ya kikapu cha kulipwa barani Asia, na timu zilizoianzisha zilikuwa za makampuni: Toyota ya magari, Crispa ya nguo, Tanduay ya pombe, na nyinginezo. Hakuna timu ya Manila wala ya Cebu. Zote zinazunguka kwenye kumbi zilezile, na mwenyeji hayupo. Anayeijua Tusker ya Kenya au Mtibwa Sugar ya Tanzania ameshaelewa nusu ya jambo. Nusu nyingine ni kwamba kule jina la timu ni tangazo. Kampuni ikitaka kuuza chupa nyingine, jezi inabadilika.

Sasa sikilizeni yaliyonikuta. Makala yangu ya kwanza kuhusu timu hii niliandika kwamba ina mataji 13. Nilikuwa nimeketi na orodha ya mabingwa nikahesabu kila palipoandikwa Ginebra. Ikatoka. Mchana wake msahihishaji akaniita, mzee mmoja asiyepandisha sauti, akaniuliza: “Na hawa Añejo walikwenda wapi?” Sikuwa na jibu. Añejo Rum 65, mabingwa wa mashindano ya All-Filipino mwaka 1988 waliowafunga Purefoods kwenye fainali, ndio haohao Ginebra wakiwa wamevalishwa jina la ramu. Gordon's Gin waliowashinda Alaska katika Commissioner's Cup ya 1997 ni haohao pia. Kwa hiyo hadi Januari 2023 mataji ni 15, na mimi nilikuwa nimeyapoteza mawili kwa kufuata maandishi ya kifuani.

Tangu siku ile, kabla sijaandika sentensi moja ya historia ya timu yoyote ya PBA, nachora daftarini safu nne: mwaka, jina lililokuwa kwenye jezi, mwenye leseni, kocha. Leseni ndiyo timu. Mwenye leseni ndiye anayepewa nafasi kwenye ligi, na leseni ikibaki palepale, historia inaendelea hata jina likibadilika mara kumi. Ginebra walijiunga mwaka 1979 wakiitwa Gilbey's Gin, chini ya kiwanda cha La Tondeña. Mwaka 1985 wakawa Ginebra San Miguel. Kisha Añejo, kisha Ginebra tena, wakapita Tondeña 65, wakapita Gordon's Gin, na mwaka 1999 wakaingia kwenye jina hili la Barangay Ginebra. Safu ya tatu nayo ina mambo yake: biashara ya La Tondeña iliingia mikononi mwa San Miguel miaka ya 1980, na leo San Miguel wanamiliki timu tatu kwenye ligi moja, yaani San Miguel Beermen, Magnolia na hii Ginebra. Ginebra wakicheza na Magnolia, mechi ambayo kule ni kama Simba na Yanga, tajiri ni yuleyule pande zote mbili. Hilo liandikeni wazi, msiliache kwa sababu linaharibu hadithi ya watani.

Na neno barangay msilitafsiri kuwa mji. Mimi nililitafsiri hivyo, mara mbili. Barangay ni ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa za Ufilipino, yenye kiongozi wake wa kuchaguliwa. Mtanzania anaweza kusema mtaa bila kukosea sana. Mashabiki wa Ginebra wanaitana kabarangay, watu wa mtaa mmoja, na jamaa yangu wa kitanda cha juu aliwaita hivyo hata Wafilipino asiowajua kwenye basi la kwenda Deira.

Kuhusu hesabu ya misimu nitakwenda haraka, maana ni ya kukariri tu. Kwa kawaida msimu mmoja wa PBA una mashindano matatu, kila moja na bingwa wake, kwa hiyo ukiandika “bingwa wa PBA 1986” hujasema kitu. Siku hizi yanaitwa Philippine Cup, ambalo wageni hawachezi, Commissioner's Cup na Governors' Cup, ambayo kila timu huleta mchezaji wa kigeni. Anayebeba yote matatu kwa msimu mmoja ametimiza kile wanachokiita grand slam, na imetokea mara tano tu: Crispa 1976 na 1983, San Miguel 1989, Alaska 1996, San Mig Coffee 2014. Ginebra hawamo. Angalieni pia mwaka ulioandikwa kwenye kombe: Governors' Cup ya 2019 waliibeba Januari 2020, na ile ya 2021 wakaimaliza Aprili 2022. Ukichanganya mwaka wa msimu na mwaka wa fainali, mtu atakurekebisha hadharani.

Tukishayaweka hayo sawa, ndipo tuingie kwenye jambo lenyewe. Ginebra si timu yenye mataji mengi kuliko zote Ufilipino. San Miguel wanawaacha mbali. Lakini Ginebra ndiyo timu ya umma, ya dereva wa jeepney, daladala za kule, na mama wa genge, na ukiandika historia yake kwa kupanga vikombe kama sahani kabatini, utakuwa umeandika historia ya timu nyingine. Jiulize mapenzi yalianza lini. Yalianza kabla ya kikombe chochote.

Mwaka 1984 Toyota, waliokuwa wapinzani wakuu wa Crispa kwa karibu miaka 10, walivunja timu yao na wachezaji wakauzwa kwa mkupuo. Robert Jaworski, mchezaji bora wa ligi wa mwaka 1978, alikataa kwenda na kundi. Yeye na Francis Arnaiz wakatua Gilbey's Gin. Mwaka uliofuata Jaworski akawa kocha na huku anacheza, akiwa na umri wa miaka 39. Crispa nao walikuwa wameondoka mwishoni mwa 1984. Nchi nzima ilibaki na ushabiki usio na mwenyewe, na Jaworski akaukuta njiani.

Tarehe 22 Oktoba 1985 Ginebra walicheza na NCC, timu ya vijana wa ridhaa iliyokuwa inaandaliwa kwa ajili ya taifa chini ya kocha Mmarekani Ron Jacobs, ikialikwa kwenye ligi. Jaworski alipigwa kiwiko na Jeff Moore, mdomo ukapasuka. Akapelekwa hospitali. Akashonwa nyuzi 9. NCC walikuwa mbele kwa pointi 15, na ukumbi umeshapoa, mara mlango ukafunguka, Jaworski huyo anarudi na mdomo umevimba. Akaingia uwanjani katika robo ya nne, na Ginebra wakashinda. Hapo ndipo msemo wao ulipopata mwili. Wao wanausema kwa Kiingereza, mimi naufasiri hivi: kufa hatukubali.

Nimeisoma habari hii ikiandikwa mara nyingi kwamba ilikuwa fainali. Haikuwa. Na kombe la mashindano yale walilibeba NCC haohao, waliofungwa usiku ule. Ginebra waliondoka mikono mitupu. Taji lao la kwanza lilikuja 1986 katika Open Conference, wakiwa na Billy Ray Bates, aliyewahi kuwika Portland Trail Blazers ya Marekani, pamoja na Michael Hackett, wakawafunga Manila Beer mechi 4 kwa 1. Lakini muulize shabiki wa makamo alipopenda timu hii, atakutajia nyuzi 9 kabla ya Bates. Hadithi ikiwa na nguvu yenyewe, usiiongezee fainali. Tarehe, mpinzani, kiwiko, idadi ya nyuzi na pengo la pointi vinatosha.

Mashabiki ni chanzo kizuri, ila wana pa kuruka. Jamaa yangu alinisimulia mwaka 1991 hata nikauona kwa macho: Ginebra nyuma mechi 1 kwa 3 kwenye fainali mbele ya Shell, wanashinda mechi tatu mfululizo, na mpira wa Rudy Distrito katika sekunde za lala salama unaamua mechi ya saba. Alinisimulia kwa mikono, kwa miguu, kwa kikombe cha chai kilichomwagika. Hakunitajia 1990. Mwaka huo, mbele ya Shell haohao, katika mechi ya sita ya fainali, Añejo waligoma kwa kutoridhishwa na waamuzi, wakatoka uwanjani, na Shell wakapewa ubingwa. Bila ya 1990 hutaelewa kwa nini ile ya 1991 ilikuwa tamu namna ile. Kwa hiyo shabiki akikupa mwaka mmoja kwa furaha kubwa, nenda ukatazame mwaka uliotangulia.

Jaworski aliendelea kuvaa jezi hadi alipotimiza miaka 50, na mwaka 1998 akachaguliwa kuwa seneta. Mataji manne ya kati ya 2004 na 2008 nayapita, si kwa dharau, ila ukame uliofuata una mengi zaidi ya kueleza. Miaka minane bila kitu, na kumbi bado zinajaa. Mwaka 2015 akaja kocha Tim Cone, mwenye grand slam mbili mfukoni, za Alaska na San Mig Coffee. Tarehe 19 Oktoba 2016, mechi ya sita ya fainali dhidi ya Meralco, Justin Brownlee akaachia pointi tatu kengele ikilia, 91 kwa 88, na ukame ukaisha. Mmarekani huyu baadaye akapewa uraia wa Ufilipino, na mwaka 2023 akaichezea timu ya taifa iliyotwaa dhahabu ya Michezo ya Asia huko Hangzhou, kocha akiwa Cone huyohuyo. Na Januari 15 mwaka huohuo, Ginebra walipocheza mechi ya saba ya fainali na Bay Area Dragons wa Hong Kong ndani ya Philippine Arena, waliingia watazamaji 54,589.

Mengine ni madogo. Andikeni Añejo na alama yake juu ya n, simu ikikataa nakilini kutoka mahali. Majina ya watu na kumbi msiyaswahilishe. Na mkitaka kuangalia mechi moja kwa moja, Manila wako mbele yetu kwa saa tano: mechi ya saa 1 usiku kwao ni saa 8 mchana kwetu, katikati ya kazi. Niliwahi kukimbia nyumbani niwahi fainali ya saa 1 usiku, nikafungua simu nikakuta watu wameshalala.