Kumfuatilia mtelezaji chipukizi msimu mzima: anza na karatasi ya alama

Mtelezaji wa barafu wa miaka 14, wa mchezo wa miruko na mizunguko (figure skating), anaweza kushinda shindano lake la kwanza mwezi Agosti, akawa wa tatu katika la pili mwezi Septemba, na hilo la pili likawa ndilo alilocheza vizuri zaidi. Kila mwaka mashabiki wapya huumia moyo kwa jambo hili. Wanaona nafasi imeshuka, wanaanza kumlaumu kocha, kumbe mtoto ameongeza mruko mgumu ambao mwezi uliopita hakuwa nao, ila siku hiyo amekutana na wawili walioiva zaidi yake. Ukitaka kumfuatilia chipukizi bila kupandwa na presha ovyo, jifunze kusoma karatasi ya majaji. Hutolewa kwa PDF baada ya kila programu, kwenye ukurasa wa matokeo wa Shirikisho la Kimataifa la Kuteleza kwenye Barafu (ISU), na ni ya bure.

Kwanza uijue kalenda. Msimu wa ISU huanza tarehe 1 Julai. Junior Grand Prix, yaani mfululizo wa mashindano ya vijana ulioanza msimu wa 1997–98, huwa na vituo saba kwa kawaida, kuanzia Agosti hadi Oktoba. Mwaka 2025 vilikuwa Riga, Ankara, Varese, Bangkok, Gdańsk, Baku na Abu Dhabi. Mchezaji mmoja hupewa vituo viwili tu, hata awe bora namna gani. Wa kwanza hupata pointi 15, wa pili 13, wa tatu 11, wa nne 9, wa tano 7, wa sita 5, halafu 4, 3, 2 na 1 hadi wa kumi. Sita wenye pointi nyingi huenda Fainali mwezi Desemba. Kwa uzoefu, pointi 26 hutosha, na 22 hadi 24 ni eneo la kukosa usingizi. Wakifungana, hutangulia aliyeshika nafasi ya juu zaidi katika kituo kimoja, kwa hiyo wa kwanza na wa nne (15 na 9) humshinda wa pili na wa tatu (13 na 11), ingawa wote wana 24. Andika hesabu hii daftarini tangu kituo cha kwanza. Baada ya Fainali hubaki Mashindano ya Dunia ya Vijana, mwishoni mwa Februari au mwezi Machi, na huko ni 24 bora tu wa programu fupi (onyesho la kwanza la kila mchezaji) wanaoruhusiwa kucheza programu huru (la pili, lililo refu zaidi). Kwenye vituo vya Junior Grand Prix hakuna mchujo huo, wote hucheza zote mbili.

Umri nao huchanganya watu. Mao Shimada wa Japani, aliyezaliwa tarehe 30 Oktoba 2008, alitwaa ubingwa wa dunia wa vijana Calgary 2023, Taipei 2024 na Debrecen 2025. Hakuna mwanamke aliyewahi kuutwaa mara tatu kabla yake. Sasa mbona hakwenda kwa wakubwa? Kanuni haikumruhusu. Tangu msimu wa 2024–25, anayetaka kucheza na wakubwa lazima awe ametimiza miaka 17 kabla ya tarehe 1 Julai ya msimu huo. Julai 2025 Shimada alikuwa na miaka 16, amepungukiwa na miezi minne, na kwa miezi hiyo minne Olimpiki ya Milano ya 2026 ikampita. Kabla hujampangia mchezaji wako mustakabali, tafuta tarehe yake ya kuzaliwa na uilinganishe na 1 Julai. Utajua amebakiza misimu mingapi ya vijana, na hutamharakisha.

Saa ndiyo mtego wa pili, hasa kwetu. Ratiba huandikwa kwa saa za mji wa mashindano na kwa mtindo wa 24, kwa hiyo 15:00 ni saa tisa alasiri, si saa tatu. Riga wakati wa kiangazi na Ankara mwaka mzima saa zao ni sawa na za Nairobi na Dar es Salaam, huna cha kugeuza. Gdańsk mwezi Septemba iko nyuma yetu kwa saa moja, Baku na Abu Dhabi wako mbele kwa saa moja, Bangkok mbele kwa nne, na Japani mbele kwa sita. Shindano la 19:30 Nagoya kwetu ni saa saba na nusu mchana, watu wako kazini. Tena ukumbuke kwamba Ulaya hurudisha saa nyuma mwishoni mwa Oktoba nasi haturudishi. Mwezi Machi, Tallinn, mji wa Estonia, huwa nyuma yetu kwa saa moja ingawa Agosti tulikuwa sawa nao.

ISU hurusha vituo vya vijana moja kwa moja YouTube, bila malipo. Programu fupi ya wasichana yenye wachezaji 30 na zaidi inaweza kula saa nne, na hakuna haja ya kuchoma bando lote hilo kama unamfuata mmoja. Angalia orodha ya kuanza, ambayo hutoka siku moja kabla. Wachezaji hupasha mwili kwa makundi ya watu sita kwa dakika 6. Baada ya hapo hesabu dakika kama 6 kwa kila mmoja katika programu fupi, 7 katika programu huru, na uongeze dakika 15 za kusawazisha barafu kila baada ya makundi mawili hivi. Kama msichana wako ni wa nne katika kundi la tatu la programu fupi, mtarajie baada ya kama saa mbili na dakika chache tangu shughuli ianze. Ila usikose kupasha mwili. Hapo ndipo utaona kama mruko mgumu anaujaribu na anatua, au anauzungukazunguka bila kuruka. Kwa dakika hizo panda hadi ubora wa 720p, kwa sababu chini ya hapo ukingo wa chuma hauonekani.

Na ukingo ndio kila kitu. Chuma cha chini ya kiatu kina unene wa milimita 4 hivi, na katikati kimechongwa mfereji, kwa hiyo kina kingo mbili, ya ndani na ya nje. Chukua mruko wa Lutz. Anayezunguka kuelekea kushoto, kama walivyo wengi, huja kinyumenyume kwa mguu wa kushoto, mwendo mrefu wa kupinda, uzito ukiwa ukingo wa nje. Kisha hunyoosha mguu wa kulia nyuma, huchoma barafu kwa meno ya mbele ya chuma na kuruka. Tazama kifundo cha mguu wa kushoto katika nukta ile ya mwisho, kabla meno hayajagusa. Kikilalia ndani, Lutz imegeuka kuwa flipi, mruko mwingine unaoanzia ukingo wa ndani. Jopo la ufundi, yaani wanaokagua kila mruko, litaandika "e" na thamani ya mruko itabaki asilimia 80. Kikiwa katikati, haielekei huku wala huku, wataandika "!" na majaji watapunguza ubora. Kosa hili halitibiki kwa wiki mbili. Ukiliona Agosti, huenda ukaliona tena Machi, na huna sababu ya kushangaa kila mara.

Alama nyingine za kujua: "q" maana yake mzunguko umepungua robo kamili, "<" umepungua zaidi ya robo lakini haujafika nusu, na thamani hushuka hadi asilimia 80, "<<" umepungua nusu au zaidi, na mruko huhesabiwa kama wenye mzunguko mmoja pungufu. Herufi "x" ni habari njema: mruko umefanywa sehemu ya pili ya programu na umeongezewa asilimia 10. Bonasi hiyo hupewa mruko wa mwisho tu katika programu fupi, na mitatu ya mwisho katika programu huru.

Tuone kwa namba. Lutz ya mizunguko mitatu ina thamani ya 5.90, na tolupu, mruko mwingine, ya mitatu 4.20. Zikiunganishwa ni 10.10. Majaji hutoa ubora kuanzia −5 hadi +5, na kila hatua ni asilimia 10 ya thamani ya mruko mkubwa, hapa 0.59. Akipata wastani wa +2 anaondoka na 11.28. Sasa tolupu ikipewa "<" inakuwa 3.36, jumla 9.26, na ubora ukishuka hadi −2 anabaki na 8.08. Tofauti ni pointi 3.20, na hakuanguka. Mtazamaji wa kawaida hakuona chochote, ndiyo maana kule mitandaoni watu huanza kusema ameonewa. Irudie video polepole, utazame mguu unapogusa barafu: kama ncha ya kiatu bado inaangalia pembeni na inamalizia kugeuka juu ya barafu, jopo lilikuwa sahihi.

Chini ya orodha ya miruko kwenye karatasi kuna vipengele vitatu: utunzi, uwasilishaji na ustadi wa kuteleza. Kila kimoja hupewa hadi 10, jaji wa juu kabisa na wa chini kabisa wanaondolewa, na wastani huzidishwa kwa 1.33 katika programu fupi ya wanawake na 2.67 katika programu huru. Mchezaji aliyepanda kwa 0.25 katika vyote vitatu amejiongezea pointi 2 kwenye programu huru bila kuruka chochote kipya. Kwa chipukizi, huko ndiko ukuaji wa kweli unakoonekana kwanza. Ila usilinganishe kituo na kituo kwa desimali, kwani majaji si walewale. Linganisha na waliocheza naye siku hiyohiyo: Agosti alikuwa nyuma ya mshindi kwa kiasi gani katika ustadi wa kuteleza, na Oktoba je?

Kwenye skrini, kisanduku cha juu kushoto hujumlisha alama wakati anacheza. Hiyo ni ya muda. Rangi ya manjano maana yake mruko au kitendo alichofanya kinakaguliwa. Usitume pongezi wala pole hadi akae na kocha na alama zisomwe.

Jambo linalovunja mashabiki moyo zaidi ya yote ni mwili kukua. Msichana anarefuka, kitovu cha uzito kinahama, na mruko wa Axel ya mizunguko mitatu (ambayo kwa kweli ni mitatu na nusu, kwa kuwa huanza kwa kuangalia mbele) inapotea msimu mzima. Viatu navyo: jozi mpya ni ngumu kama ubao na huchukua wiki kadhaa kulainika, kwa hiyo akibadilisha katikati ya vituo miruko huyumba. Haya si uvivu. Hawa ni watoto wa miaka 13 hadi 18, wengi wana simu, na wanasoma kila kitu. Usiandike habari za uzito wao, umbo lao wala wazazi wao, hata kwa nia njema. Ukitaka kukosoa, kosoa kipengele: "Lutz bado inapewa e." Video ya mazoezi iliyorekodiwa kwa siri usiisambaze.

Kwa ndugu zetu walioko Ghuba, Abu Dhabi ya 2025 ilileta mchezo huu karibu na mlango. Ukipata nafasi ya kwenda uwanjani, beba sweta na soksi nzito hata kama nje jua linachoma, na kikoi cha kukunja ukalie, kwa maana viti hubeba baridi yote. Barafu ya kiwango cha ISU ni mita 60 kwa 30, kwa hiyo usikimbilie kiti cha mbele kabisa: panda safu ya sita au ya saba upate kuona mkondo wa kuingilia miruko. Zima flashi ya kamera. Usiinuke mtu akiwa anacheza. Kabla ya kununua maua au mdoli, soma kanuni za uwanja husika, kwa kuwa vingi haviruhusu kurusha kitu kwenye barafu. Punje moja ya jani ikibaki, anayefuata anaweza kuikanyaga kwa chuma na kuanguka.

Msimu ukiisha Machi, pakua karatasi zote za mchezaji wako uziweke kwenye folda moja, kwa tarehe. Zisome kwa safu: Lutz zote pamoja, Axel zote pamoja, ustadi wa kuteleza wote pamoja. Kisha angalia ISU imepanga mruko gani wa pekee (usiounganishwa na mwingine) kwa programu fupi ya vijana msimu ujao, kwani hubadilishwa kati ya miruko ya flipi, lupu na Lutz. Kama Lutz yake ina "e" tatu kwenye folda yako na mwaka unaofuata ni zamu ya Lutz, utajua tangu Aprili kazi gani inamsubiri mazoezini.